Jina Chini ya Sufuria

Sufuria ningemsamehe. Sufuria huazimwa ikarudi, na isiporudi mtu hununua nyingine. Lakini wifi yangu Ulfat, mke wa kaka yangu Muhiddin, alichukua kitu ambacho hakuna duka la Darajani linalokiuza. Alichukua mapishi ya marehemu mama yangu akayafanya yake, kisha akanijia mimi kuniuliza namna ya kufuta jina.

Mama yangu, Bi Mwanamkasi binti Ahmada, alikuwa mpishi wa shughuli pale Malindi. Mtu akitaka kumwoza mwanawe, alimfuata mama kwanza, kadhi baadaye. Alikuwa na sufuria kubwa kubwa za kuazimisha, na kila moja aliipiga jina lake mgongoni kwa msumari, kama wafanyavyo watu hapa mjini ili vyombo visichanganyike kwenye shughuli. Sufuria ikirudi, unaipindua, unaangalia jina. Ila mama alikuwa na adabu yake. Hakupata hata siku moja kuipindua sufuria mbele ya aliyeirejesha. Alisema hiyo ni sawa na kumwita mtu mwizi usoni. Aliipokea, akashukuru, akangoja mgeni aondoke, ndipo akaipindua.

Magoti yalipomshinda, nikawa nakaa naye nikiandika yale ambayo mikono yake iliyajua. Mimi kazi yangu ni ya kompyuta. Nina kiofisi Mkunazini, natengeneza kadi za harusi, nachapisha barua na vyeti vya watu. Nikaandika kama alivyosema mwenyewe, bila kumsahihisha: mchele uoshe mpaka maji yaone haya, kitunguu usikikimbize, kitakulipizia. Chini ya kila ukurasa nikaweka mstari mmoja: "Mapishi ya Bi Mwanamkasi binti Ahmada wa Malindi. Ukishiba, muombee." Nilipomwonyesha alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema, "Na mimi ushanipiga msumari."

Alipofariki nilimtumia Ulfat faili lile la PDF. Alikuwa amepika sana na mama, nikataka anitazamie vipimo kabla sijalipeleka kwa mchapaji. Alinijibu kwamba ana kazi nyingi, shuleni anakofundisha wanasahihisha mitihani. Hata sufuria kubwa aliyoichukua kwenye arubaini ya mama ilibaki kwake Kiembe Samaki, na mimi sikuiulizia. Nilimwona ni mtu wa nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Habari niliipata kwa Rukaiya, anayeshona mabuibui jirani na ofisi yangu. Alikuja na simu mkononi, uso umemwiva, akaniuliza kama na mimi nimealikwa. Lilikuwa tangazo la shughuli ya wanawake nyumbani kwa Ulfat, ya kuzindua kitabu chake cha mapishi, kiitwacho Jikoni kwa Ulfat. Mgeni wa heshima ni Bi Sultana, mwenye nyumba ya wageni kule Matemwe, ambaye anatafuta mwanamke wa kuwafundisha wageni wake upishi wa Kizanzibari. Pembeni ya tangazo palikuwa na kipande cha pishi la pilau. Nikasoma: mchele uoshe mpaka maji yaone haya.

Nilisikia baridi mpaka kwenye kucha. Rukaiya alitaka tufunge ofisi twende Kiembe Samaki saa ile ile tukamtoe nje kwa nywele. Nikamwambia akae. Ningepiga kelele ningekuwa wifi mwenye wivu, basi. Nani angesikiliza zaidi ya hapo? Watu wangesema mawifi wanagombana, wakaenda zao wakala pilau. Na mimi sikutaka ugomvi, nilitaka aumbuke kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kila aliyealikwa. Nilitaka jina la mama lisomwe ndani ya nyumba ile ile linakofutwa. Sikujua vipi.

Njia aliniletea mwenyewe. Siku ya pili alipiga simu, sauti tamu ya haluwa, akaniuliza hali, akaulizia miguu yangu, kisha akasema, "Wifi, nnataka programu ya kufuta maneno kwenye PDF. Mitihani ya shule, ina jina la mwalimu wa zamani chini ya kila ukurasa. Lakini nataka ya bure, wifi yangu."

Nikamwambia anipe siku mbili tatu nimtafutie iliyo nzuri. Akanishukuru, akaniombea umri.

Watu wote wakitafuta programu hutafuta iliyo bora. Mimi nilikaa kutafuta iliyo mbovu, na si mbovu ovyo, mbovu kwa namna niitakayo. Nilizijaribu moja baada ya moja, kwa faili la mama, maana nilitaka kuona jina lake linafanywa nini.

Ya kwanza ilikuwa ya mtandaoni. Haikai kwenye kompyuta yako. Unalipeleka faili kwao, wanalikoroga huko waliko, wanakurudishia likiwa Word. Bismillahi niliyoiweka juu ya ukurasa wa mwanzo ilirudi herufi zimeachana, kila moja imesimama peke yake kama watu waliokosana. Nikaiacha. Tena sikupenda kumpeleka mama kwa watu nisiowajua.

Ya pili ilifuta vizuri, lakini ukihifadhi inapiga jina lake yenyewe katikati ya kila ukurasa, kubwa, la kijivu, mpaka ulipie. Hiyo Ulfat angeirudisha siku ile ile.

Ya tatu ilikuwa programu safi kabisa. Imetengenezwa na watu wanaojitolea, haiombi chochote, unaiweka kwenye kompyuta na inafanya kazi hata mtandao ukikatika. Bismillahi ilibaki imeshikana. Ukifuta neno linafutika, haliachi hata alama. Niliipenda, na mpaka leo ndiyo ninayotumia kwa kadi zangu. Lakini kwa wifi yangu ilikuwa na uaminifu kupita kiasi.

Ya nne ndiyo hiyo. Kitufe chake kimeandikwa kufuta, lakini haifuti. Inabandika kiraka cheupe juu ya maneno. Nilichora kiraka juu ya jina la mama. Ilikuwa kama kumfunika uso mara ya pili. Nikahifadhi. Nikafungua: hakuna kitu. Nikachapisha karatasi: nyeupe, safi. Kisha nikaufungua ukurasa ule kwenye simu, nikabonyeza nikachagua maneno yote, nikanakili, nikabandika kwenye WhatsApp nikajitumia mwenyewe. Pishi likaja lote, na chini yake, bila kiraka wala nini, mama yangu akaja. Ukishiba, muombee.

Nilicheka peke yangu mle ofisini. Rukaiya akaja kuchungulia kama niko salama.

Lazima mjue kitu kimoja kuhusu wanawake wa mji huu. Sisi PDF kwenye simu hatusomi. Maandishi ni madogo, unayavuta huku yanakimbilia kule, na nusu ya watu wa kundi letu la WhatsApp wana miwani iliyovunjika mkono. Likiingia faili kundini, hutokea mmoja akanakili maneno akayabandika kama ujumbe wa kawaida, kila mtu akasoma kwa herufi kubwa. Tunafanya hivyo kwa matangazo ya misiba, kwa ratiba za darsa, kwa kila kitu. Ulfat mwenyewe hufanya hivyo. Lakini mwizi akishughulika na mlango husahau dirisha.

Alikuja ofisini na kompyuta yake na mtihani mmoja wa jiografia wa kunidanganyia. Nikamwekea programu. Nikamshika mkono nikamwonyesha namna ya kuburuta kiraka, namna ya kuhifadhi. Alijifunza haraka, wifi yangu si mjinga, angekuwa mjinga ningemhurumia. Alipomaliza aliutazama ukurasa mweupe, akaniuliza, "Halitoonekana tena?"

"Chapisha uone," nikamwambia.

Akachapisha. Akaipeleka karatasi mwangani, akaigeuza, akatabasamu. Aliniaga kwa kunibusu mashavu yote mawili, na mimi nikayatoa mashavu yangu. Akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Hilo ndilo nililokuwa nalisema moyoni huku nikimfungulia mlango.

Siku ya shughuli nilivaa vizuri. Sikualikwa, lakini nyumba ya kaka haihitaji kadi. Nyumba ya Kiembe Samaki ilijaa, mikeka mpaka barazani, ndege za uwanja pale karibu zikipita juu tukinyamaza mpaka zimalize. Pilau ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ilipikwa kwenye sufuria ya mama, niliiona uani. Muhiddin alikuwa nje na wanaume. Bi Sultana alikaa mbele, mtu mzima mpole, mwenye kusikiliza. Ulfat alishika kipaza sauti akasimulia jinsi alivyokesha jikoni miaka na miaka kuyatafuta mapishi haya. Alisema yamemtoka kichwani mwake. Kisha akalituma faili kundini, akasema ni zawadi kwa kila aliyefika.

Simu zikalia nyumba nzima. Nikaweka sahani chini.

Walivuta, wakabana macho, wakalalamika. Bi Mize, rafiki wa mama wa tangu utotoni, akasema yeye haoni kitu, mtu amsaidie. Mimi sikuinua hata kidole. Bi Sultana ndiye aliyejitolea. Alitaka pia kumtumia pilau mpishi wake aliyeko Matemwe. Akabonyeza, akanakili, akabandika kundini. Simu zikalia tena.

Bi Mize alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti. Alisoma mchele, alisoma bizari, alisoma kitunguu kisichotaka kukimbizwa, na wanawake wakacheka. Akafika mwisho, akasoma kwa sauti ile ile: "Mapishi ya Bi Mwanamkasi binti Ahmada wa Malindi. Ukishiba, muombee."

Ulfat aliangalia karatasi aliyokuwa nayo mkononi, akaigeuza, kama siku ile ofisini. Palikuwa peupe.

Mwengine akanakili biriani. Mwengine akanakili boko boko, mwengine mkate wa mchele. Kila lililobandikwa lilikuja na mama. Kundi lilijaa jina lake kutoka juu hadi chini, na kila simu ilipolia Ulfat alishtuka kidogo mabega.

"Kumbe haya ya Mwanamkasi," Bi Mize akasema. Hakumtazama mtu. "Na sisi tushashiba. Tumuombeeni basi, alivyotaka."

Akainua mikono. Nyumba nzima ikainua mikono. Ulfat alikuwa amesimama mbele ya watu na kipaza sauti bado kiko wazi, hana pa kwenda, akainua na yeye. Fatiha ilisomwa, na "amin" yake ikatoka kwenye spika kubwa kuliko zetu zote, mpaka nje kwa wanaume. Nilimtazama midomo mpaka mwisho. Sijapata kufurahi hivyo tangu mama alipokufa, na sioni haya kulisema.

Bi Sultana aliinama akamuuliza Ulfat jambo kwa sauti ya chini. Sikusikia swali. Niliona Ulfat akiikunja ile karatasi. Bi Sultana akachukua mkoba wake, akaaga kwa heshima, akaondoka kabla ya chai.

Muhiddin alinijia ofisini kesho yake. Hakukaa. Alisema Ulfat hajala, hajatoka chumbani, hawezi kwenda shule kwa aibu. Alisema anajua alichofanya mkewe na hamtetei. Kisha akaniuliza kama nilijua programu ile itafanya vile, nikamwambia ndiyo.

"Ungenambia mimi," akasema. "Yule ni mamangu mimi pia."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu, nimemsahau yeye. Tangu hapo haji Ijumaa kula kwangu, na hilo linaniuma, lakini kama ni kurudia ningerudia.

Baada ya siku kadhaa Ulfat alikuja mwenyewe, nyumbani Malindi, si ofisini. Alikuwa amebeba sufuria ya mama, ameisugua kwa mchanga mpaka inang'aa. Macho yamemvimba. Majirani walikuwa barazani, nao wakageuka kutazama. Alinipa salamu, akasema ameileta amana, akasema pia nimsamehe, wifi yangu, shetani alimpitia. Aliinyoosha kwangu kwa mikono miwili.

Niliipokea. Nilijua mama angefanya nini. Angeshukuru, angemkaribisha chai, angengoja aondoke.

Niliipindua pale pale, mbele yake na mbele ya watu, nikapitisha kidole juu ya herufi, moja moja, polepole, mpaka jina likaisha. Ndipo nikamwambia ahsante.