Moshi wa Kupura Ulezi

Kwetu Mollo hakuna mwoga. Hata kuku wetu humkimbiza mwewe, na ujasiri huo niliwafundisha mimi, Sharon.

Ndiyo maana mama mkubwa Dominika alinichagua nimsindikize hospitali, Sumbawanga mjini. Daktari alipapasa uvimbe kwenye titi lake la kushoto, akatazama majibu ya vipimo, akasema ni saratani na upasuaji usichelewe. Mama mkubwa akauliza kama hakuna dawa isiyo na kisu. Daktari akasema nchi za mbali wanajaribu mashine. Inakusanya mawimbi ya sauti, sauti isiyosikika, mpaka yakutane mahali pamoja ndani ya mwili na kuunguza uvimbe, ngozi ikabaki nzima.

"Lakini hapa haipo, mama. Hapa tuna kisu."

Kwenye bajaji mama mkubwa alitetemeka mpaka Mollo. Nikailaumu barabara.

Kesho yake wanawake walikuja kumsaidia kupura ulezi. Wakauzunguka uwanja, fimbo zikapanda na kushuka pamoja, wimbo ukakolea. Kwenye ubeti wa pili sauti zote zikakutana kifuani mwa mama mkubwa. Moshi mwembamba ukatoka kwenye ukosi wa gauni lake, unanuka ukoko wa ugali.

"Angalieni mabua yasishike moto," alisema bibi yangu Cornelia. Wimbo ukaendelea.

Mama mkubwa akajipapasa. "Uvimbe umepungua, ila bado upo. Jumatatu naenda kukatwa. Naogopa jamani, msiache kuimba."

Hawakuacha. Ndipo moshi ukatoka kwa Asifiwe, mke wa mwinjilisti. Akasema ni vumbi la ulezi. Ukatoka kwa Mary. Akajitanda kanga ya pili, akalaumu sigara za mume wake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, wala aliyesema ataongozana na mama mkubwa Jumatatu. Walipura ulezi ukaisha, wakapepeta, wakanywa togwa, wakaaga.

Nikabaki nawacheka. "Bibi, wanawake wazima wale! Wanaficha moshi kama watoto walioiba mahindi ya kuchoma!"

Bibi Cornelia hakucheka. Alikuwa analitazama sweta langu, nililolifunga vifungo hadi kooni.

"Mjukuu wangu," alisema, "wimbo umekwisha zamani. Mbona wewe bado unafuka?"