Maiti Hasemi

Uvumi wenyewe Marlys Tollefson aliupata kanisani, kwenye kahawa ya baada ya ibada, na tangu siku ile ulimganda kama kupe. Ilisemwa kwamba ng'ambo ya mto, upande wa jimbo la Minnesota, kijana mmoja alikufa akicheza ule mchezo wa dadu na mapango. Wengine walidai alijinyonga kwa sababu mtu wake wa mchezoni aliuawa. Wengine wakasema la, alimwita pepo kwa jina na pepo akaitika. Hakuna aliyelijua jina la kijana wala mji wake. Lakini uvumi hauulizwi jina. Ukishaingia nyumbani kwa mtu unalala naye kitanda kimoja.

Na Marlys alikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Curtis, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mchezo huo pale mjini kwao. Kila Ijumaa wenzake watatu walikuja, wakashuka chumba cha chini ya nyumba, wakaizunguka meza ya zamani ya jikoni. Curtis huchora mapango kwenye karatasi za miraba, akayajaza mazimwi na hazina, kisha akawasimulia wenzake wamefika wapi na wamekutana na nini. Wao hujibu wanafanya nini, halafu hurusha dadu kujua kama wamepona. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni. Renee Lindahl alikuwa mwanamke wa uganga, anayerusha moto kwa vidole. Lonnie, mpole kama mtamba wa ng'ombe, alikuwa kasisi mponyaji. Dale Vukovich, pandikizi la kijana wa shambani, alikuwa mwizi mdogo mwembamba aliyeitwa Unyoya, na Dale alikuwa amemlea Unyoya huyo miaka miwili bila kumwacha afe.

Marlys aliacha shule darasa la nane akakamue ng'ombe wa baba yake, na vitabu vya mwanawe vilimshinda. Siku moja alivifungua akakuta picha za mashetani wenye pembe. Alivifunga, akanawa mikono, akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamwambia akeshe na kuomba, akae macho.

Basi akakaa macho. Ndiyo maana Curtis alipotangaza kwamba Ijumaa ya Halowini, usiku wa watoto kujivika vizuka na kuomba pipi, atawachezesha mchezo wa pekee, aliouandaa tangu mahindi yanavunwa, nyumba iliwaka ugomvi. Mama alikataa, mtoto akasusa kula, baba akajificha nyuma ya gazeti. Mwishowe Vern, mumewe, alilishusha gazeti akamwambia, "Mama, bora wafanyie humu ndani tukiwasikia kuliko wakafanyie kwenye ghala la mtu."

Wakapatana. Hakuna kuita majina ya pepo, hakuna damu, hakuna kuapa. Na Marlys atakikagua chumba kwanza.

Alikikagua kwelikweli. Alipindua kila kitu: mafuvu ya karatasi ngumu, utando wa buibui wa nyuzi za sufi, mishumaa iliyopangwa sakafuni kuizunguka meza. Alitafuta nyota na alama za kishetani chini ya zulia. Kwa ajili ya mishumaa akaweka ndoo ya maji karibu na mashine ya kufulia. Mapazia aliyafunga mwenyewe. Madirisha hayakuhitaji kufungwa, kwa kuwa alishayaziba kwa nailoni mapema mwezi ule, kama kila nyumba ifanyavyo kabla ya theluji.

Kitu kimoja hakukikagua, kwa sababu kililetwa na mumewe. Vern aliendesha lori la kiwanda cha aiskrimu, na Curtis alikuwa amemwomba barafu kavu ile ya kwenye masanduku, ambayo ukiitia kwenye maji ya moto hutoa ukungu mweupe mzito unaotambaa chini. Mchezo wenyewe uliitwa Kaburi la Mfalme wa Ukungu. Bila ukungu kungekuwa na kaburi gani? Vern alileta sanduku zima. Akawakalisha vijana akawaonya kwa kidole kwamba atakayeishika kwa mkono mtupu, itamuunguza kuliko pasi. Akawagawia glavu zake za kazini. Marlys alisimama pembeni akaona mume wake ni baba mwangalifu, na yeye mwenyewe ndiye aliyechemsha maji ya kujaza mabeseni ya kutilia barafu hiyo.

Jioni ile Joyce, mama yake Dale, alipiga simu. Alikuwa mjane, na Dale ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia shambani. Yeye naye alikuwa ameusikia uvumi.

"Marlys, mimi namwacha kwako," alisema.

"Mwache. Sitatoka nyumbani. Kukiwa na neno nitalisikia."

Vijana waliposhuka, Curtis aliwasomea sheria ya usiku ule. Mchezaji yeyote, mtu wake akifa kaburini, mwenyewe alale sakafuni kama maiti, chini ya ukungu, mpaka mchezo uishe. Maiti hasemi. Akinyamaza, mwishoni kasisi Lonnie atarusha dadu kumfufua. Akisema hata neno moja, karatasi ya mtu wake itachanwa na hatarudi tena. Wote walikubali kwa kelele. Dale alisema Unyoya hajazaliwa wa kumuua, waandae kitanda cha Lonnie.

Juu, kengele ya mlango haikutulia. Watoto wa mtaa walikuja makundi kwa makundi, vizuka vya mashuka na wachawi wa kofia ndefu, na Marlys akawa anawagawia pipi kutoka kwenye bakuli. Kila alipopata nafasi alikimbilia mlango wa ngazi, akatega sikio. Mlango ule ulifungwa ili mwanga usiharibu giza lao.

Alimsikia Dale akisema, "Kichwa kinanigonga, jamani."

"Mwizi kaanza kufa kwa madaha," Renee akamjibu, na wakacheka, ila vicheko vyao vilikuwa vya kuhema, kama watu waliopanda mlima.

Kisha sauti nzito ya Curtis: ukungu umempanda Unyoya magotini, sasa kiunoni, arushe dadu. Dadu ikabingirika mezani. Meza nzima ikaguna.

"Umekufa. Lala chini."

"Humo humo ukunguni?"

"Maiti hasemi, Dale."

Marlys alishusha pumzi. Hapakuwa na jina la pepo hata moja. Kengele ikalia, akaenda kutoa pipi.

Yaliyofuata aliyajua baadaye, kwa kuokota kidogo kidogo kutoka kwa Renee na Lonnie. Mishumaa ya sakafuni ilianza kuzimika yenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila upepo. Vijana walishangilia wakidhani ni ujanja wa Curtis, na Curtis akanyamaza kuupokea ule ujanja usio wake. Mioyo iliwaenda mbio, wakaona ndiyo raha ya kuogopa. Lonnie alisikia kichefuchefu, akasogea akakaa kwenye ngazi. Chini ya meza kisigino cha Dale kilipiga sakafu, kikatulia, kikapiga tena. Renee akasema maiti huyu ana mateke. Curtis akamkumbusha sheria. Baada ya hapo Dale alikoroma kwa sauti, wakamcheka sana, eti mwizi kapitiwa na usingizi kaburini. Halafu hakukoroma tena.

Kimya ndicho kilichomwita Marlys. Vijana wanne hawanyamazi namna ile. Alifungua mlango akaita, hakuitikiwa. Alishuka, akamkuta Lonnie kwenye ngazi ameshika kichwa analia polepole. Renee alikuwa amelaza uso juu ya meza. Curtis alikuwa bado anasoma, lakini ulimi ulikuwa mzito, anarudia sentensi ileile. Ukungu ulikuwa umejaa chini kama maziwa kwenye beseni.

"Dale yuko wapi?"

Curtis alimwinulia macho, akatabasamu kama mlevi. "Amekufa, mama," alisema. Alimaanisha wa mchezoni.

Marlys aliinama kumpapasa. Pumzi ya kwanza aliyoivuta kule chini ilimwasha puani kama soda, na dunia ikamzunguka. Akainuka, akamwita Vern kwa jina lake mara moja tu, kisha akabana pumzi akarudi chini. Alilipata koti la Dale, akalivuta. Vern alishuka kwa kishindo, akashika miguu. Walimpandisha Dale ngazi kama gunia, wakarudi kuwakokota wengine, wakawalaza wote kwenye majani mbele ya nyumba. Watoto wenye mashuka walisimama pale na mifuko yao ya pipi, wakidhani ni maonyesho. Mdogo mmoja alipiga makofi.

Renee na Lonnie walitapika wakapata nafuu. Curtis aliamka akiuliza dadu zake. Dale hakuamka, alifia hospitali kesho yake, mama yake akimshika mguu.

Mzimamoto mmoja alimweleza Marlys kwa upole, jikoni, kofia mkononi. Barafu ile haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa. Hewa hiyo ni nzito na haifai kuvuta. Hutulia sakafuni na kujaa kutoka chini kwenda juu, na mshumaa ukizimika wenyewe ndiyo ishara yake. "Hata kwenye kiti hapakuwa salama," alisema, "lakini aliyelala chini ndiye aliyewahiwa."

Joyce alikuja baada ya mazishi. Hakuvua koti. Alikaa mbele ya Curtis akamuuliza kama mwanawe alisema neno. Marlys alifungua kinywa amjibie, Joyce akamzuia kwa kiganja.

"Alipiga sakafu kwa kisigino," Curtis alisema. "Nikamwambia maiti hasemi."

"Naye akakutii," Joyce alisema. "Mimi nilikuwa namwita kukamua mara tatu ndipo aamke." Akaondoka, kahawa haijaguswa.

Jumapili, mchungaji alimwomba Marlys asimame ashuhudie alichokiona. Kanisa lote lilingoja pepo. Vitabu vya vijana vilishawekwa kwenye sanduku, tayari kuchomwa. Marlys alisimama. Alisema aliona mabeseni ya kufulia, maji aliyoyachemsha kwa mikono yake, na barafu. Alisema pembe hakuziona. Watu walitazama magoti yao, na baada ya ibada vitabu vikachomwa vilevile. Curtis aliutazama moto hadi mwisho. Siku hizi hasemi kitu.

Wiki ileile mwanamke mmoja dukani alimuuliza Vern kama angempatia barafu ya sherehe ya binti yake, ule ukungu ni mzuri. Vern alikuja nyumbani akalia. Marlys akatoa kadi ngumu, akaandika kwa herufi kubwa za darasa la nane, akabandika dukani, shuleni, na kwenye mlango wa kanisa:

Usitie barafu kavu ndani ya chumba kilichofungwa, hasa cha chini ya nyumba.

Usiitie kwenye maji ya moto ndani.

Usidhani glavu zinatosha.

Usiruhusu mtoto alale, akae au atambae ndani ya ukungu wake. Wala mbwa.

Mshumaa ukizimika bila upepo, usishangae. Toka.

Usiweke sheria ya mchezo inayomkataza mtoto kusema anaumwa.

Mtoto akisema kichwa kinamuuma, usingoje aseme mara ya pili.

Usiibebe kwenye gari lenye vioo vilivyofungwa.

Usishuke kumtoa mtu kabla hujafungua milango na kumwita wa pili.