Mwenyekiti na Masikio Yake

Paka aliitwa Mwenyekiti kwa sababu akishakalia kiti, wewe tafuta pa kusimama. Alipata kisukari uzeeni. Asubuhi na jioni mzee wa nyumba, fundi cherehani mstaafu, alimtoboa ukingoni mwa sikio, likatoka tone la damu la kuweka kwenye mashine. Kujaza sindano ya dawa ilikuwa kazi ya mkewe. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, hii ndiyo kazi ya kwanza waliyoifanya pamoja bila kununiana.

Asubuhi hiyo fundi alilipasha sikio joto kwa kitambaa cha maji ya moto, akatoboa. Mwenyekiti hakushtuka. Fundi alikuwa na mkono mwepesi. Wateja wake wote waliwahi kuchomwa pini, ila hakuna aliyejua ni lini.

Mashine ikasema ishirini na nane.

Juzi ilikuwa ishirini na tano, na daktari wa mifugo akawaongezea dozi. Mke akampigia tena. "Ongezeni yuniti moja nyingine ya dawa," daktari akasema.

Mke akavuta dawa, kisha akasita. Paka aliyepandwa na sukari hunywa maji kama gari bovu, na bakuli la huyu halijapungua tangu jana. Tena amelegea, miguu ya nyuma inakwenda safari yake. Akaiweka sindano chini, akachukua pamba abane pale palipotobolewa. Pamba ikagoma kubanduka. Akanusa kidole, akakilamba.

"Mzee, hili sikio umelipaka nini?"

"Asali."

"Asali."

"Kidogo tu, tangu majuzi, kila tukimaliza kumpima. Masikio yamekuwa kama chekeche, mke wangu. Na mimi nilipoungua na pasi, si wewe uliyenipaka?"

"Nilikupaka mkono. Sikukupima." Akaisukuma sindano mbali. "Siku tatu hizi tunapima sukari ya nyuki, tunamtibu paka."

Fundi aliliosha sikio la pili kwa maji ya uvuguvugu, akalikausha vizuri, akatoboa.

Mashine ikasema tatu.

Mke akaimwaga dawa kwenye sinki, akapiga simu, akaeleza yote bila kupunguza aibu.

Daktari akasema haraka, "Msimchome kabisa. Ameshuka mno. Mpakeni asali kwenye ufizi sasa hivi, mje naye. Asali mnayo?"

"Tunayo," mke akasema. "Ilipotea njia tu."

Fundi akachovya kidole, akamfungua Mwenyekiti mdomo, akapaka. Wakangoja. Mke alikuwa ameshika sikio lililooshwa, amelibana kwa pamba. Fundi akapaka tena. Mara ya tatu Mwenyekiti aliinua kichwa, akamtazama vizuri, akamng'ata mpaka damu.

"Ana nguvu," fundi akasema, machozi yakimlenga.

"Ana haki," mke akasema. Akamfunga kidole kwa pamba, akaenda kuleta kikapu cha kumbebea Mwenyekiti.