Herufi Mbili Zilizobaki

Baba yangu anaandika mabango kwa mkono. Kinyozi, duka la dawa, gereji, bucha, ukuta wa shule: ukikuta maandishi mazuri popote mtaani kwetu, ujue amepita yeye na ngazi yake. Hapigi mstari wa penseli kwanza. Anarudi nyuma kidogo, anafumba jicho moja, anaguna, halafu anaanza, na herufi ya mwisho inaenea pale pale bila kubanwa. Mama husema mwanamume huyu hawezi kukata mkate vipande vikalingana, lakini mpe ukuta uone.

Likizo ndefu ilipofika niliandikishwa kozi ya usanifu wa kidijitali, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Baba mwenyewe alinipeleka siku ya kwanza, amevaa shati lake pekee lisilo na doa la rangi. Chumba kilikuwa na kompyuta kuukuu, feni yenye kelele, na mwalimu kijana tuliyembatiza Pikseli kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo. Alitufundisha kusafisha picha, kuchora kwa kipanya, kutengeneza katuni fupi. Wenzangu wengi walikuja kupoteza muda. Mimi nilitaka kuwa wa kwanza, na tabu yote ilianzia hapo.

"Kazi ya mwisho," alisema Pikseli, "mlete kitu cha nyumbani kwenu, ambacho hakuna mwingine anacho."

Nilijua papo hapo. Nilizunguka mtaani na simu ya Mama, nikapiga picha mabango ya Baba herufi moja moja. A niliichukua kwa kinyozi, G yenye mkia kwenye gereji, D yenye kitambi kwenye duka la dawa. Darasani nilizifuata kwa kipanya ukingo kwa ukingo mpaka macho yakaniwasha. Nilikuwa natengeneza fonti, yaani seti nzima ya herufi: ukibonyeza A kwenye kibodi, inatokea A ya Baba.

Zikabaki mbili. Q na X hazikuwepo popote, maana mtaa wetu hauna duka linalozihitaji. Nikamfuata Baba uani.

"Baba, niandikie Q na X."

"Za nini tena, Meneja?" Ananiita hivyo tangu nilipojua kusoma na kuanza kumsahihisha.

"Za kozi tu."

Alifurahi mpaka nikashangaa. Alikata kipande cha boksi, akachagua brashi, akakoroga rangi nyeusi. "Hizi hakuna mtu aliyewahi kuniomba," alisema. Akaandika Q, akaitazama, akaikataa, akaandika nyingine. X akaipiga kwa mikupuo miwili. "Mwambie mwalimu wako hiyo ni X ya mtu mzima!" Nilipomaliza kupiga picha, alilitundika boksi lenyewe karibu na mlango wa jikoni, ili wageni walione.

Siku ya maonyesho Baba alikuwa kazini, hakuja. Pikseli alibonyeza kibodi na mwandiko wa Baba ukajaa ukutani kwa projekta, wazazi wa wenzangu wakapiga makofi. Msichana mmoja wa darasa letu, ambaye mjomba wake ana duka la kuchapisha mabango ya turubai, aliniuliza kama anaweza kuichukua fonti. Kichwa kilikuwa kimevimba hata mlangoni nisingepita. "Chukueni tu, nyote!" nilisema, nikaiweka kwenye folda ya darasa. Jina nililoipa fonti ile ni Mkono wa Baba. Nilidhani namheshimu.

Kabla shule hazijafunguliwa, nilikwenda na Baba kununua rangi. Mbele ya saluni mpya alisimama ghafla. Juu ya mlango palikuwa na bango la turubai.

"Hili wamelichapa kwa mashine," alisema. "Lakini mkono ni wangu. Huo mkia wa G ni wangu. Kwa hiyo niliwaandikia mahali, wakapiga picha wakachapa." Alikuna kidevu. "Niliwaandikia lini?"

Nilijifanya natafuta kitu mfukoni. "Sijui, Baba."

"Niingie niwaulize? Wataniona nimerukwa na akili." Alicheka, tukaondoka.

Wiki ile ile tuliona jingine kwenye duka la viatu, kisha jingine kwa fundi simu. Hakucheka tena. Ni lazima niseme kuhusu babu, baba yake: uzeeni babu alianza kusahau funguo, kisha njia ya nyumbani, mwisho akawa anamwita Baba kwa jina la kaka yake aliyekufa. Baba alimwogesha na kumlisha mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo alipoanza kukaa mezani akijiuliza kwa sauti ya chini lini aliandika nini, mimi na Mama tulijua anawaza nini. Mama aliacha kabisa kumtania kuhusu miwani anayoitafuta huku ameivaa.

Ila mimi nilijua zaidi ya Mama. Nilikuwa na maneno machache ya kumponya, na kila jioni niliyameza pamoja na chakula. Nilijiambia kesho. Ukweli ni kwamba niliogopa, maana nikisema nusu, nusu ya pili, kwamba nimeugawa mkono wake bure, itafuata yenyewe, na hiyo ndiyo sikutaka aisikie. Nilijichukia, na bado nilikula nikashiba.

Kisha mwalimu mkuu wa shule yetu alikuja kumwomba aandike ubavuni mwa basi jipya la shule. Kazi ya namna hiyo Baba huisimulia mwaka mzima.

"Mtafute kijana, Mwalimu," alisema. "Mimi kichwa hiki sikiamini siku hizi. Nitakuja kukuandikia jina la shule nyingine."

Mwalimu mkuu alidhani ni utani, akacheka peke yake.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Baba uani, anaosha brashi zote kwa mafuta ya taa, hata zile ambazo hazikuwa chafu. Alikuwa anazifunga kwenye mguu wa suruali kuukuu, moja moja, taratibu. Nilileta simu, nikamwonyesha picha ya turubai la saluni.

"Baba, tazama A hizi. Umewahi kuandika A mbili zikafanana kabisa?"

"Hakuna mkono wa hivyo." Aliisogeza simu karibu na macho. "Zote zina kovu mguuni. Hilo kovu ni la kwa kinyozi! Plasta yake ilivimba pale, brashi ikaruka. Nakumbuka vizuri."

"Unakumbuka kwa sababu huna tatizo lolote, Baba. Hukuwaandikia saluni. Ni mimi." Nikamweleza yote: picha, kipanya, makofi, folda. Nilikuwa nalia, maneno yanatoka yakigongana.

Aliruka juu akapindua kopo la mafuta. "Mama Meneja! Njoo! Mimi mzima! Kichwa changu kizima!" Mama alitoka mbio na mapovu mikononi, na Baba akamkumbatia hivyo hivyo, anacheka na machozi yanamtoka. Nami nikacheka, mwoga mkubwa, nikiomba iishie hapo.

Mama aliporudi jikoni, Baba alikaa tena kwenye kigoda. Kicheko kilimtoka kidogo kidogo.

"Kwa hiyo mtu anabonyeza tu."

"Ndiyo."

"Neno lolote analotaka."

"Lolote."

"Na mimi hana haja ya kuniita."

Alikuwa anatazama kile kipande cha boksi karibu na mlango, Q na X zake, rangi bado inang'aa.

"Ile Q ya kwanza haikuwa mbaya sana," alisema. "Lakini nilisema hapana, Meneja apewe iliyo nzuri."