Tawi Kwenye Bampa

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na Pankrasi mwenyewe hakatai. Miaka thelathini ameshika usukani. Gari linalokuja likikuwashia taa mara mbili mchana kweupe, maana yake mbele kuna trafiki. Hata kuku wa mtaani kwake Bombambili wanajua hilo.

Lakini walikuwa wanatoka Lusewa kumzika kaka yake, Gaspari, na kichwa chake kilikuwa debe tupu. Kwenye bampa ya gari lake, Noah, lilikuwa bado linaning'inia tawi la mkaratusi, lililofungwa siku ya kusafirisha mwili ili watu wa njiani wajue ni msiba. Lilishakauka, na hakuna aliyekumbuka kulifungua. Pembeni ya Pankrasi alikaa Theodosia, mjane wa Gaspari. Tangu makaburini alikuwa amesema jambo moja tu.

"Watu ishirini na watatu, shemeji. Nimewahesabu."

Pankrasi naye aliona ni wachache mno. Ni msimu wa kulima, kweli, lakini Gaspari alichimba makaburi ya nusu ya kata ile, masika na kiangazi.

Walipoiacha Namtumbo nyuma, gari moja likawawashia taa. Pankrasi akalikumbuka tawi.

"Umeona, shemeji? Wanatupa pole." Akapunga mkono.

Likaja lori la mahindi, nalo likawasha. "Na huyu naye!" La tatu. La nne lilipowasha, Theodosia aliinua mkono wake mwenyewe akapunga, polepole, kama mtu anayejaribu mkono uliokuwa umekufa ganzi.

"Kumbe watu wapo," akasema.

Pankrasi akakanyaga mafuta, na kila taa iliyowaka wakaipungia wote wawili.

Kilomita mbili mbele trafiki kijana akawasimamisha. Kifuani kaandikwa Edmund.

"Shikamoo, mzee. Sabini na tisa kwenye hamsini."

"Marahaba. Nani kasema?"

Edmund akamwonyesha simu. Mwenzake aliyejibanza vichakani na tochi, ile kamera ya kupimia mwendo, alikuwa amemrushia picha. Noah, tawi, na watu wawili wanapunga mikono kama wagombea ubunge.

"Majani yamefunika namba, nimeikuza mpaka macho yananiuma," alisema Edmund. "Mlikuwa mnampungia nani?"

"Waliokuwa wanatupa pole."

Edmund akacheka. "Pole? Walikuwa wanakuonya, mzee! Kila anayetupita anawasha taa. Wanatuharibia kazi hao."

Pankrasi akamkonyeza anyamaze. "Andika faini yako, baba. Hayo mengine yaache."

"Siyaachi. Mtu mzima unadanganywa na taa? Hakuna hata mmoja aliyekujua."

"Walituona tuna msiba."

"Walituona sisi!"

Mkono wa Theodosia ulikuwa umesharudi mapajani. Pankrasi alitamani awe yeye aliyezikwa Lusewa.

"Nipe hiyo simu, mwanangu," alisema Theodosia.

Edmund akampa. Mama akaitazama picha, kisha akairudisha simu dirishani.

"Sawa, hawakutujua," alisema. "Wewe hili tawi umelikuza mpaka macho yanakuuma, na mpaka sasa pole hujasema."