Siri Aliyoninyima Baba Pacha

Mimi si mbea. Napenda tu kujua mambo, na kwa miaka kumi na minne ya ndoa niliyajua yote ya mume wangu isipokuwa moja. Nilijua anakoroma akilalia ubavu wa kushoto. Nilijua anamwogopa dada yake mkubwa. Nilijua kwamba kabla ya kumpasua mtu tumbo anaenda chooni mara tatu. Daktari wa upasuaji mzima! Lakini kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alivaa suti nyeusi, akachukua kimkoba chake bapa, akaenda kwenye jengo la Frimasoni, na ya huko sikuwa na habari hata chembe.

"Mnafanya nini humo?" nilimuuliza.

"Tunakutana."

"Mkishakutana?"

"Tunaapa kutowaambia wake zetu." Kisha alicheka mpaka mabega yakatikisika.

Mtaani walisema wanafuga mbuzi mweusi na kunywa damu. Mama yangu alipokuja kututembelea, alikataa katakata kulala chumba chenye kile kimkoba. Nilikwisha kukifungua zamani, msinione mjinga. Ndani yake mlikuwa na aproni nyeupe ya ngozi yenye ukingo wa buluu. Mtu anashinda kutwa na aproni kazini, jioni anaenda kuvaa nyingine! Nikamzonga siku hiyo mpaka akakiri kitu kimoja: kuna neno. Neno moja tu, na aliapa hatalitamka mbele ya mtu asiye mwenzao.

Basi raha yangu ikaishia hapo. Neno lenyewe hata sikulitaka, lingekuwa jina la samaki ningeridhika. Nilichotaka ni kujua kwamba hakuna kitu duniani anachokiweka mbele yangu. Nilinuna, nikabembeleza, nikanuna tena. Hakumwaga mtama.

Mwaka wa tisa nikadhani Mungu amenifungulia njia. Kidole tumbo kilimshika mwenyewe, akapasuliwa na mwenzake. Nikamwomba sista wa chumba cha upasuaji aniruhusu nikae naye akizinduka, maana nilisikia watu wakitoka kwenye dawa ya usingizi husema yote yaliyo moyoni. Nikamwinamia sikioni. "Baba Pacha, lile neno."

Akafungua jicho moja. "Mkasi," akasema. Nikasubiri. "Hesabuni pamba," akasema. Halafu, kwa sauti ya hospitali nzima: "Mke wangu asijue, maharage yake huwa nayamwaga."

Sista alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi nilikaa wiki nzima bila kupika maharage.

Vita vilipokuja, umri wake wa kubeba bunduki ulikuwa umepita, lakini jeshi lilitaka mikono yake. Lori likaja kumchukua asubuhi, na mimi bila haya nikamshika mlangoni. "Unaenda vitani. Unaweza usirudi. Niambie."

"Mama Pacha, nikikwambia, nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wangu!"

Akanibusu kwenye paji la uso, akapanda lori. Nilikuwa nimefura kwa hasira, sikumpungia hata mkono. Najilaumu mpaka leo.

Baada ya miezi saba alikuja sista yule yule, aliyekwenda naye, akakaa kwenye kiti cha mume wangu akanieleza. Hospitali yao ilikuwa ndani ya shule. Mizinga ilianza kupiga wakati mume wangu ana askari mezani, kidole chake kikibana mshipa mkubwa wa paja. Kabla hajalazwa usingizi, yule askari alikuwa amemsihi asimwache, naye akamjibu, "Sikuachi." Amri ya kuondoka ilipotoka, aliwafukuza wasaidizi wake wote nje, yeye akabaki amesimama na kidole chake pale pale. Kombora la pili liliangukia chumba hicho. Wakafa wote wawili.

"Angeweza kutoka," sista alisema, akilia.

"Wewe unamjua," nikamwambia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekauka.

Jumamosi wakaja ndugu zake wa Frimasoni na suti zao, pamoja na wake zao. Mkuu wao, fundi saa mstaafu, alinishika mkono, akaniita shemeji. Wanaume wakabaki sebuleni, wanawake wakanifuata jikoni kuosha vikombe.

"Na ule usiri wao!" mke wa fundi saa alisema huku akifuta sahani, nadhani ili kunichangamsha. "Neno lenyewe upuuzi mtupu. Mzee wangu aliniambia wiki ya kwanza."

Kikombe kikaniponyoka. "Alikwambia?"

"Kwani wewe hukuambiwa?"

Nikawageukia wengine. Mke wa mwalimu alijua. Mke wa mfamasia alijua, tena aliambiwa kabla ya harusi. Wote walijua! Wakaniangalia kwa huruma, na uso ukaniwaka. Miaka yote ile nimemwomba, nimemlilia, kumbe wenzangu walipewa bure kitandani. Nilimkasirikia marehemu mbele ya watu wote.

"Maskini, mwenzangu," alisema mke wa fundi saa. Akanisogelea, akaniwekea mkono begani, akaleta mdomo sikioni mwangu. "Ni hivi..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja chenye povu la sabuni.

"Usithubutu!" nikamwambia. "Mume wangu hakutaka."

Akabaki amekodoa macho, povu likimshuka kidevuni. Na hapo ndipo kilio kikanijia, chote cha tangu siku ya lori. Nililia kwa sauti nikimwita mume wangu mkaidi, mbishi, mwanamume wa pekee, na kule sebuleni waume zao wakinisikia.