Jiko la Bure

Kule Deltani, Nigeria, mwanafunzi anayetetea mradi wake wa mwisho huwalisha watu wanaomhukumu. Wali wa jolofu, kuku, ndizi za kukaanga, vinywaji baridi. Hakuna palipoandikwa, lakini jaribu kwenda mikono mitupu uone! Akpevwe, mwaka wa tano uhandisi wa petroli, aliamka alfajiri akapika na wenzake. Sasa alisimama mbele ya ukumbi, suti ya kuazima ikimbana makwapa, akimtazama mtu anayetafuna kuku wake na kujiandaa kumtafuna na yeye.

Mtu huyo alikuwa Injinia Bamgboye, mtahini kutoka nje, mkubwa katika kampuni moja ya mafuta. Akiukataa mradi, Akpevwe anarudia mwaka.

Msimamizi wake, Dakta Umukoro, alikuwa amemwonya wiki nzima. "Binti, itoe sura ya nne. Tutaisoma mimi na wewe. Huyu mtu usimguse pabaya."

Sura ya nne ndiyo ilikuwa mradi wenyewe. Kijijini kwa akina Akpevwe kuna bomba linalochoma gesi usiku na mchana tangu bibi yake akiwa mwari. Wanawake wa Kiurhobo hupanga nyungo zao kando ya moto ule na kukausha chenga za muhogo, kpokpo garri, za kuuza sokoni. Akpevwe alikwenda na kipimo akapima joto pale wanapoinama. Hata mama yake alimfokea siku hiyo, "Wewe na kidude chako, usije ukatuzimia moto kabla hujatuletea mwingine! Mvua haiishi huku, muhogo nikauanike kichwani kwako?" Kisha akajitanda kitenge kilicholoweshwa maji, akaingia penye joto lile.

Akpevwe aliieleza sura ya nne. Yote, bila kuruka neno.

Injinia akafuta mafuta mdomoni. "Dada yangu, umesoma vizuri. Lakini mbona mna kilio kilio hivi, nyie watoto wa huku? Mimi nimefika kwenye mioto hiyo. Ngoja niwaonyeshe."

Akachomeka simu yake kwenye kompyuta ya ukumbi, picha ikajaa ukutani. Mwanamke amejitanda kitenge, ungo mkononi, moto nyuma yake, meno yote nje.

"Mwone anavyocheka!" akasema Injinia. "Jiko la bure, kuni hanunui. Kampuni gani nyingine inampikia mtu hivi?"

Wahadhiri wakacheka. Jamani, watu wazima na digrii zao! Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Huyu aliusifu moto ambao hata cheche yake haijamgusa.

Akpevwe hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake mzazi. Na yale hayakuwa meno ya kicheko. Ndivyo mama anavyokunja uso joto linapomchoma, midomo ikijivuta nyuma yenyewe. Kope hana, ziliungua zamani. Damu ilimchemka binti wa watu, na kama angefungua kinywa wakati ule angetukana. Akameza mate kwanza.

"Injinia, samahani. Ulipopiga hiyo picha ulisimama wapi?"

"Pale getini, bila shaka. Niliivuta kwa kamera. Watu wa usalama hawaruhusu kusogea zaidi, na hapo nimevaa kofia na ovaroli kamili."

Injinia mwenyewe hakuona alichokisema.

"Hapo aliposimama huyo mwanamke," Akpevwe akasema, "fundi wenu mwenye ovaroli kamili haruhusiwi kukaa hata dakika tano. Ndiyo kanuni tuliyofundishwa humu humu. Yeye hukaa tangu asubuhi mpaka jioni."

"Aah, hao wamezoea. Miili yao si kama yangu na yako."

"Mwili wake ndio ulionizaa mimi! Huyo ni mama yangu, Injinia. Na hacheki. Anaungua."

Injinia akapandwa na hasira. "Unaleta siasa kwenye mtihani? Nakwambia, kwenye mafuta hupati kazi popote!"

Hapo ndipo Dakta Umukoro, mzee mwoga kuliko wote idarani, alipoweka chini sahani yake. "Injinia, kazi utampa au utamnyima, hiyo ni yenu huko. Hapa tunatahini. Hesabu yake ina kosa?"

Injinia akafungua kurasa za sura ya nne, akafunga, akafungua tena.

"Ina kosa?"

"Hesabu... haina kosa."

"Basi amepita. Sahihi yangu hii hapa. Iko wapi yako?"

Injinia akatia sahihi kwa nguvu nusura atoboe karatasi. Kisha akapunga mkono ukutani bila kutazama. "Haya, mtoeni huyo mama hapo. Mwanafunzi anayefuata aingie."

Akpevwe alikusanya karatasi zake taratibu. Kompyuta ilikuwa mbele yake, angeweza kuizima kwa kidole kimoja.

"Picha ni yako, Injinia," akasema. "Sogea karibu umtoe mwenyewe."